David Paich: Vidole Vilivyojua Zaidi ya Maneno

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, njia ya mkato ya kumtambulisha David Paich ni kusema kwamba ndiye aliyeuinua Mlima Kilimanjaro akausimamisha juu ya Serengeti. Alifanya hivyo katika wimbo "Africa" wa bendi ya Toto, uliotoka mwaka 1982 na kushika namba moja katika chati ya Billboard ya Marekani Februari 1983. Mtu aliyewahi kuitazama ramani ya Tanzania anaona tatizo mara moja. Kutoka Kibo, kilele cha Kilimanjaro, hadi mpaka wa karibu wa Hifadhi ya Taifa ya Serengeti ni zaidi ya kilomita 200, na katikati umekaa Mlima Meru pamoja na nyanda za juu za Ngorongoro. Zile picha za kalenda zenye tembo mbele na theluji nyuma yao hupigwa Amboseli, upande wa Kenya. Na mbwa mwitu wanaolia usiku ndani ya wimbo huo, kwa kawaida huwinda alfajiri na jioni.

Makosa hayo yamechekwa sana, na ni halali yachekwe. Ubaya wake ni kwamba yamefanya kila mazungumzo kuhusu Paich yaishie kwenye maneno, wakati maneno ndiyo sehemu dhaifu kuliko zote katika kazi yake. Paich ni mpiga kinanda. Anayetaka kumpima kwa haki asikilize mikono yake inafanya nini, na jinsi anavyozipanga ala nyingine zote kuizunguka mikono hiyo. Mimi namhesabu miongoni mwa wapangaji wakubwa wa muziki wa pop wa kizazi chake, mtu aliyeingia katika utunzi kamili, mashairi yakiwemo, kwa sababu biashara ya muziki ya Marekani humlipa mtunzi na kumsahau mpigaji.

Alizaliwa Los Angeles Juni 25, 1954, katika nyumba iliyoishi kwa muziki. Baba yake, Marty Paich, alikuwa mpiga piano wa jazi aliyejulikana zaidi kwa kuwapangia muziki waimbaji wakubwa, wakiwemo Mel Tormé, Ella Fitzgerald na Ray Charles. Kazi ya mpangaji haionekani na wasikilizaji wengi hawajui kama ipo. Huletewa wimbo wenye melodi na maneno tu, kisha yeye ndiye anayeamua tarumbeta ziingie wapi, besi itembee vipi, fidla zikae juu au chini ya sauti ya mwimbaji, na ni wakati gani kila mtu anyamaze. David alilelewa akiyaona maamuzi hayo yakifanyika juu ya piano ya nyumbani, na mapema akaanza kuyafanya yeye mwenyewe. Mwaka 1974, kabla hajafikisha miaka 20, yeye na baba yake walipata tuzo ya Emmy kwa wimbo walioutunga kwa ajili ya tamthilia ya televisheni ya Ironside.

Rafiki yake wa tangu ujana, mpiga dramu Jeff Porcaro, alitoka katika nyumba ya namna hiyohiyo. Baba yake, Joe Porcaro, alikuwa mpigaji wa ala za midundo katika studio za mji huo. Vijana hawa wawili hawakupitia njia ambayo wanamuziki wa roki hupenda kuisimulia, ile ya kupiga baa chafu kwa miaka kumi hadi bahati iwakute. Walianza kufanya kazi studio wakiwa wadogo, wakikodiwa na watu wazima, wakisoma nota papo hapo na kulipwa. Paich anasikika katika albamu ya bendi ya Steely Dan, Pretzel Logic, ya mwaka 1974, na Steely Dan hawakuwa watu wa kumvumilia mpigaji wa kubahatisha.

Inafaa tusimame kidogo kwenye suala la malipo, maana bila hilo huwezi kuelewa kwa nini mpiga kinanda wa kiwango kile hakuridhika kubaki mpiga kinanda. Mpigaji wa kukodiwa wa Los Angeles hulipwa kwa kipindi cha studio, kwa kawaida saa tatu, kwa viwango vilivyokubaliwa na chama cha wanamuziki. Kipindi kikiisha, kwa sehemu kubwa hesabu yake na wimbo huo imefungwa, hata ukija kuuza nakala milioni. Mtunzi yuko katika hesabu nyingine. Sheria ya Marekani huona mali mbili ndani ya kila wimbo uliorekodiwa: utunzi, yaani melodi na maneno, na ile rekodi yenyewe iliyofanyika studio. Redio ya kawaida ya Marekani inapopiga wimbo, humlipa mtunzi na mchapishaji wake. Aliyeimba na waliopiga ala hawapati chochote kutoka kituo hicho. Mwaka 1976 utunzi ulikuwa unalipwa senti 2 za dola kwa kila nakala ya wimbo iliyotengenezwa, kiwango kilichokaa bila kuguswa tangu sheria ya mwaka 1909. Senti 2 ni kidogo, tena zinagawanywa na mchapishaji, lakini zinazidishwa kwa kila nakala na haziishi.

Mpiga kinanda ana nafasi nzuri kuliko wenzake wengi ya kuvuka kutoka hesabu ya kwanza kwenda ya pili. Mbele yake ana besi mkono wa kushoto na melodi mkono wa kulia, na katikati zipo kodi, zile sauti kadhaa zinazobonyezwa kwa pamoja ndizo zinazoupa wimbo rangi. Wimbo mzima unaweza kukaa mezani pake kabla mtu mwingine hajafungua sanduku la ala yake. Kwetu, ambako dansi ilijengwa juu ya magitaa, jina linalobaki vichwani ni la mpiga solo, na mpiga kinanda huonekana wa kuziba mapengo. Katika pop ya Los Angeles ya miaka ya 1970 mambo yalikuwa karibu kinyume. Nyimbo nyingi zilizaliwa kwenye piano, na aliyekaa pale akiwa na akili ya biashara alihakikisha jina lake linaandikwa kwenye mabano chini ya jina la wimbo.

Paich alifanya hivyo akiwa na mwimbaji Boz Scaggs. Albamu ya Silk Degrees ya mwaka 1976 ina nyimbo 10. Kadhaa kati ya hizo, zikiwemo "Lowdown" na "Lido Shuffle", waliziandika wawili hao, na mmoja, "Love Me Tomorrow", ni wa Paich peke yake. Albamu hiyo iliuza zaidi ya nakala milioni 5 Marekani pekee. "Lowdown" ilifika namba tatu, na mwaka uliofuata ikawapa watunzi wake Grammy ya wimbo bora wa R&B, Paich akiwa na miaka 22. Usikilize leo uone mambo yalivyo machache ndani yake. Besi na dramu zinabeba mwendo, kinanda cha umeme kinaweka kodi kwa upole na kujiondoa, halafu filimbi na fidla zinapita kwa juu kama wapita njia. Kijana wa umri ule akipewa studio na bajeti hutaka kujaza kila nafasi. Huyu alijua kuacha nafasi wazi, na hilo alilitoa kwa baba yake.

Marty na David walishirikiana tena kutayarisha albamu ya kwanza ya Cheryl Lynn mwaka 1978. Humo ndimo ulimo "Got to Be Real", ulioandikwa na Lynn mwenyewe pamoja na Paich na David Foster, mpiga kinanda mwingine aliyekuja kuwa prodyuza mkubwa. Ni nani asiyezijua zile tarumbeta za mwanzo? Watu wamezicheza kwenye harusi kwa zaidi ya miaka 40 bila kujiuliza nani aliandika.

Toto ilianzishwa mwaka 1977 na watu waliokuwa tayari wanajuana kutoka studio. Paich, Jeff Porcaro na mpiga besi David Hungate walikuwa wamepiga pamoja kwenye Silk Degrees. Wakamchukua mpiga gitaa Steve Lukather, mwimbaji Bobby Kimball, na mdogo wake Jeff aitwaye Steve Porcaro, mpiga kinanda wa pili. Bendi yenye wapiga vinanda wawili! Mgawanyo wao ulieleweka: Paich alikuwa mtu wa piano na kodi, Steve mtu wa sintesaiza, kinanda kinachounda sauti kwa umeme, na nyaya, anayeweza kukaa siku nzima akitafuta sauti moja. Nyimbo nyingi za albamu ya kwanza, ya mwaka 1978, ziliandikwa na Paich.

Iliyovuma zaidi ilikuwa "Hold the Line", na kisa cha kuzaliwa kwake kinaeleza karibu kila kitu kuhusu namna anavyotunga. Paich amesimulia kwamba alianza na kile kipande cha piano cha mwanzo, kodi zinazogongwa mara tatu tatu katika kila pigo. Alikipenda akawa anakipiga siku baada ya siku, hawezi kukiacha. Wakati anakipiga, msemo wa kwenye simu, "hold the line", yaani subiri usikate, ukamjia kichwani, akauimba juu yake. Beti zilifuata baadaye. Maana yake, mikono ilishamaliza kazi kabla ulimi haujaanza. Msikilizaji naye huupokea wimbo kwa utaratibu huohuo. Piano inagonga, gitaa zito la Lukather linaitikia, na kufikia Kimball anapofungua mdomo tayari umeshakubali.

Baadhi ya wahakiki wa Marekani hawakukubali. Toto waliitwa bendi ya mafundi, watu wa studio wasio na sura wala la kusema. Nusu ya shutuma hiyo naikubali. Ukiyaandika mashairi ya albamu zao za mwanzo kwenye karatasi, bila muziki, hubaki na mambo ya kawaida ya mapenzi yaliyoharibika. Nusu nyingine naikataa, kwa sababu inachukulia kwamba la kusema lazima lisemwe kwa maneno. Mpangaji anasema kwa kuamua kodi ipi ifuate ipi.

Grammy za Februari 1983 zililitamka jambo hili pengine bila waamuzi kukusudia. Toto waliondoka na tuzo 6 kwa kazi ya albamu yao ya nne, Toto IV, ikiwemo albamu ya mwaka na prodyuza wa mwaka. Wimbo "Rosanna", ulioandikwa na Paich, ulichukua rekodi ya mwaka, tuzo inayotolewa kwa jinsi wimbo ulivyopigwa na kurekodiwa. Ulichukua pia tuzo za upangaji, mojawapo ya upangaji wa sauti za waimbaji, ambayo ni ya Paich mwenyewe. Kwenye wimbo wa mwaka, tuzo inayopima utunzi wenyewe, "Rosanna" uliteuliwa ukashindwa na "Always on My Mind", wimbo wa maneno machache ambao unaweza kuuimba ukiwa na gitaa moja bovu na bado ukamliza mtu. "Rosanna" ukiupiga hivyo unakufa. Unahitaji ule mdundo wa Jeff Porcaro unaoyumba bila kuanguka, tarumbeta za Jerry Hey, Lukather akianza ubeti wa kwanza na Kimball akipokea wa pili kwa sauti ya juu zaidi, na zile tabaka za sintesaiza katikati. Vyote hivyo vinatoka kwenye akili ya mpangaji. Nadhani waamuzi walipatia pande zote mbili.

Sasa turudi kwenye mlima. Paich hakuwa amefika Afrika alipoandika "Africa". Ameeleza vyanzo vyake mara kadhaa: vipindi vya televisheni alivyoviona kuhusu shida za bara hili, picha za magazeti, na walimu wake wa shule ya Kikatoliki waliowahi kufanya umisionari huku. Mmoja wa walimu hao alimsimulia kwamba walikuwa wakibariki watu wa vijiji, vitabu vyao na mazao yao, na mvua iliponyesha, walibariki mvua. Msikilizaji wa Marekani amehangaika miaka 40 na kile kiitikio, akiuliza ni mtu gani anayebariki mvua. Kwa mtu aliyekulia karibu na parokia yoyote ya huku hakuna fumbo hapo.

Jeff Porcaro, ambaye jina lake limo kwenye utunzi wa wimbo huo, alikuwa muwazi kuliko mhakiki yeyote. Alieleza kwamba ni wimbo wa kijana mzungu anayejaribu kuandika kuhusu Afrika, na kwa kuwa hajawahi kufika, anaweza tu kusimulia alichokiona kwenye televisheni au anachokikumbuka. Kwa maoni yangu hilo linapunguza kosa bila kulifuta. Anayejijua kwamba hajui alikuwa na muda wa kufungua atlasi. Kiitikio kilimjia Paich haraka, lakini beti zilimchukua miezi, na katika miezi hiyo Kilimanjaro ilibaki palepale alipoiweka. Studio za Los Angeles zilikuwa na utamaduni wa kuyashughulikia maneno mwisho, baada ya kila sauti nyingine kusafishwa. Watu waliorudia kupiga kodi moja mara nyingi ili tarumbeta ikae sawa hawakuona haja ya kumpigia simu mtu mmoja kuuliza habari za Serengeti.

Lakini ukiacha maneno ukasikiliza chini yake, unakutana na kazi nyingine kabisa. Jeff alikuwa na kumbukumbu ya utotoni ya wapiga ngoma wa Afrika aliowaona kwenye banda la Afrika katika Maonyesho ya Dunia ya New York ya mwaka 1964, na kilichomshangaza ni kwamba hakuna hata mmoja aliyetoka nje ya zamu yake. Ili kuupata msimamo huo, yeye na mpigaji wa midundo Lenny Castro walipiga kwa dakika kadhaa bila mashine ya kuhesabu mapigo, wakachagua kipande kifupi kilichokaa vizuri kuliko vyote, wakaukata utepe na kuuunganisha ncha kwa ncha uzunguke. Juu ya mzunguko huo Paich aliweka ile sauti nene ya mwanzo, iliyotoka kwenye sintesaiza ya Yamaha CS-80. Zile sauti ndogo zinazodondoka kama za kalimba, ala ya vibati inayopigwa kwa vidole gumba, zilipigwa kwenye Yamaha GS-1, mashine ya kidijitali iliyotumia mbinu iliyogunduliwa Chuo Kikuu cha Stanford na John Chowning, mbinu ileile ambayo mwaka 1983 ilizaa sintesaiza ya DX7 iliyosambaa dunia nzima. Kwa hiyo kalimba ya wimbo huo ni hesabu ya chuo kikuu cha California ndani ya kisanduku cha Kijapani. Mtu aliyewahi kumsikia marehemu Hukwe Zawose wa Ugogoni akipiga ilimba yake, kalimba ya Wagogo, hatadanganyika. Marimba angalau ilipigwa na mzee Joe Porcaro kwa mikono yake.

Halafu kuna jambo ambalo mimi naliona ndiyo saini ya Paich. Katika beti, wanakwaya wangesema Do ni B. Kodi zinatembea kwa njia isiyo ya kawaida, na Paich mwenyewe anaimba kwa sauti ya chini, karibu ya kusimulia. Kiitikio kinapoingia, Do inakuwa A. Imeshuka hatua nzima! Kila mtunzi wa pop anajua ujanja wa kupandisha ili kiitikio kiruke. Huyu ameshusha, akaanza na kodi yenye huzuni, kisha akampa Kimball na wenzake melodi iliyo juu, sauti nyingi kwa pamoja, zikiwemo za mgeni wao Timothy B. Schmit wa bendi ya Eagles. Masikio yanahisi kupanda wakati msingi umeshuka. Na zile kodi ngumu za beti zinaondoka, zinabaki za kawaida, nne kati yake zikizunguka karibu kiitikio chote, ndiyo maana uwanja mzima wa mpira unaweza kuimba. Anayeweza kufanya hivyo bila msikilizaji kugundua kwamba kuna kitu kimebadilika ana ustadi wa juu sana, na sioni sababu ya mtu wa Moshi au Arusha kumnyima sifa hiyo eti kwa kuwa hakusoma jiografia. Amcheke na ampe sifa yake, yote mawili.

Wakati huohuo Toto walikuwa wakipiga kwenye rekodi za wengine, kubwa kuliko zote ikiwa Thriller ya Michael Jackson, Novemba 1982. Kisa kinachopendwa na wapiga vinanda wote ni cha kaseti. Quincy Jones, prodyuza wa albamu hiyo, alikuwa anataka nyimbo kutoka kwa Paich. Kaseti tupu haikuwapo, hivyo mawazo ya Paich yakarekodiwa upande mmoja wa kaseti ambayo upande wake wa pili ulikuwa na wimbo wa Steve Porcaro ambao haujakamilika. Kaseti ikapelekwa. Upande wa Paich ulipoisha, mashine ya Quincy ikageuza yenyewe, na Quincy akasikia kile ambacho hakikuwa kimekusudiwa afikishiwe. John Bettis akaletwa kuandika maneno, na hivyo ndivyo "Human Nature" ulivyoingia kwenye albamu iliyouza kuliko zote duniani. Nyimbo za Paich za upande wa kwanza hazikuchukuliwa. Hiyo ndiyo biashara yenyewe: mtu aliyeombwa nyimbo akakosa, aliyepewa upande wa nyuma akapata. Januari 1985, yaliporekodiwa yale maombi ya wasanii wa Marekani kwa ajili ya njaa ya Ethiopia, "We Are the World", Paich alikuwa tena miongoni mwa wapiga vinanda. Safari hii maneno yaliandikwa na wengine.

Miaka iliyofuata haina mengi ya kuchambua. Toto walitengeneza muziki wa filamu ya Dune mwaka 1984, Marty Paich akishika kijiti mbele ya okestra ya Vienna. Albamu zao za baadaye hazikufikia mauzo ya ile ya nne. Waimbaji walibadilika: Kimball akatoka, akaja Fergie Frederiksen, akaja Joseph Williams, akaja Jean-Michel Byron. Bendi ya kawaida ikibadilisha mwimbaji mara tatu huwa imekuwa bendi nyingine. Hii ukiisikia unaijua kwa kodi za kwanza, kabla hujajua nani anaimba, jambo ambalo halisemwi vya kutosha kila zinapotajwa dosari zao. Pigo kubwa lilikuwa Agosti 1992, Jeff Porcaro alipofariki akiwa na miaka 38. Paich aliendelea, kwa vipindi, hadi afya ilipomfanya aache ziara na bendi mwaka 2018. Mwaka 2022, akiwa amefikisha miaka 68, alitoa albamu fupi iitwayo Forgotten Toys. Ilikuwa ya kwanza kutoka kwa jina lake pekee, baada ya karibu miaka 50 ya kuyapamba majina ya wengine.

Mwaka huohuo wa 2018 aliouacha msafara, wimbo wake ulipata maisha mapya. Bendi ya Weezer, watu wa magitaa yenye kelele, ilikuwa imesumbuliwa mtandaoni kwa miezi na kampeni ya mashabiki walioitaka irekodi "Africa". Kwanza wakajibu kwa utani kwa kutoa "Rosanna", kisha Mei wakatoa "Africa" kweli, na ukafika kileleni mwa chati ya Billboard ya nyimbo za alternative. Ulisikilize toleo hilo ukiwa na hoja yangu kichwani. Magitaa yameongezwa uzito, mwimbaji ni mwingine, mdundo umenyooshwa. Kipande cha kinanda cha mwanzo kimeachwa kilivyo, karibu noti kwa noti. Bendi ya magitaa ilipewa wimbo huo iufanye wake, na kitu ambacho haikuthubutu kukigusa ni vidole vya Paich vya mwaka 1982. Na kila kituo cha redio cha Marekani kinapolipiga toleo hilo, fedha za redio huenda kwenye utunzi, yaani kwa Paich, kwa upande wa marehemu Jeff Porcaro na kwa wachapishaji wao. Weezer, waliopiga na kuimba, hawapati hata senti kutoka kwa kituo hicho.